Moshi wa Saa Kumi na Mbili

Kabla sijamsema mtu mwingine, nijiseme mwenyewe. Mimi Hamimu, fundi cherehani wa Quartier Asiatique, ndiye niliyeufanya mtaa mzima ukimbie bure, asubuhi moja ya mwaka 1997. Watu wananicheka hadi leo, na wana haki. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Léocadie, mama Mkongomani aliyefika Bujumbura na binti mmoja, mfuko mmoja wa nguo, na ugomvi mkubwa na moshi.

Jina la Léocadie lilikuwa la kwenye karatasi tu. Binti yake aliitwa Esperance, kwa hiyo mtaani alikuwa Mama Esperance, na ukimwita vinginevyo hageuki. Kwao, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika kiwanda cha sukari, upande wa matanuri. Huko alijifunza jambo moja likamkaa kichwani kama msumari: moshi mweusi ni kuni zilizonunuliwa, zikabebwa, zikapasuliwa, kisha zikatupwa angani bila kufanya kazi. Vita vya kwao vilipomfukuza akaja kwetu, ambako vita vilikuwa na miaka mitatu tayari. Hakuchagua vizuri, na mwenyewe alikuwa akilisema hilo huku akicheka.

Alitembea mjini akitazama juu. Akiona moshi, anaufuata hadi kwa mwenyewe, anabisha hodi, anaanza kugomba. Kwangu alikuja kwa sababu ya pasi.

"We fundi, hii pasi unailisha kama mugeni," aliniambia, hata salamu haijakauka. "Mukaa nusu inatosha. Na hii tundu ya nyuma unaiacha wazi juu ya nini? Unapashia mutaa joto?"

"Mama, mi napiga pasi tangu miaka makumi mbili."

"Basi tangu miaka makumi mbili unatupa mukaa."

Nilikasirika hata nikaunguza kola ya mteja. Alipoondoka niliziba tundu lile kwa kipande cha bati, kwa siri, na mkaa wangu wa wiki moja ukanifikisha siku ya kumi na mbili. Sikumwambia. Mtu asiyekuwa na adabu hapewi raha ya kujua kwamba alisema kweli.

Wakati ule nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka kwa vikwazo, na kila kitu kilikuwa kimeadimika, mazuti, yaani dizeli, yakiwa ya kwanza. Wenye viwanda vidogo walikuwa wakihangaika. Mmoja wao alikuwa Bwana Bader, mwenye bulanjeri iliyotazamana na kibanda changu. Babu yake alitoka Oman akaanza kuoka mikate hapo hapo, na Bader alikuwa na tanuri la kisasa la mazuti alilolipenda kuliko shemeji zake. Mazuti yalipokosekana akalifunika kwa shuka, akarudi kwenye tanuri la kuni la babu yake, lenye nyufa unazoweza kupitisha mkono.

Tanuri lile lilikuwa halishibi. Kuni za mikaratusi zilitoka milimani siku ambazo barabara ilikubali, na siku nyingi barabara haikukubali. Moshi wake nao ulikuwa mnene kiasi kwamba Nura, muuza vitambaa wa jirani, aliacha kuagiza kitambaa cheupe. Alisema cheupe kikikaa dukani siku tatu kinageuka kijivu chenyewe, bila gharama ya rangi.

Mama Esperance alimwendea Bader asubuhi moja, akiwa na shida yake mwenyewe iliyokuwa kubwa kuliko za wote. Alikuwa akikaa Buyenzi kwa dada yake, na alikuwa akifinyanga majiko ya udongo, yale tunayoyaita mbabula, yasiyokula mkaa mwingi. Udongo aliupata kwa wachoma matofali wa Carama, siku zenye utulivu. Lakini karakana hakuwa nayo. Majiko sita yalikuwa chini ya kitanda cha shemeji yake, Pierre, na la saba juu ya redio ya Pierre. Pierre alikuwa amesema, kwa sauti ya upole ambayo ndiyo mbaya zaidi, kwamba mwezi ukiisha ama udongo utoke ama wenye udongo watoke. Kutoka maana yake ilikuwa kwenda kwenye mahema ya wakimbizi pamoja na Esperance. Ndiyo maana alimkazia Bader macho bila kupepesa.

Nyuma ya bulanjeri palikuwa na bohari iliyojaa kuni hadi kwenye bati. Mama Esperance aliokota kipande cha mkaa, akachora mstari katikati ya sakafu, pale palipoonekana.

"Patron, angalia hii mustari. Mi natengeneza furu yako, hii tanuri ya kuni. Mikate inabaki ile ile, kuni zinakuwa nusu. Huu upande wa mulango ukiwa mutupu mwezi ukiisha, unakuwa wangu. Nafinyangia humu mbabula zangu."

"Na ukishindwa?" Bader aliuliza.

"Nikishindwa naenda zangu na mutoto wangu. Hautaniona tena."

"Bismillahi," akasema Bader, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Jaribu."

Siku tatu za kwanza hakugusa kitu. Alikaa juu ya gunia la unga na daftari la shule la Esperance, akiandika. Waokaji walidhani ametumwa na serikali. Mwisho akamsomea Bader alichoandika, mbele ya fundi mkuu wao, Moosa, bwana mwenye kitambi na heshima zake.

"Moosa anafungua mulango ya furu mara makumi ine na moja kwa kupika moja," alisema. "Kila akifungua, joto inatoka inaenda kusalimia watu."

"Mi naangalia mikate!" Moosa alifoka.

"Mikate haitaki kuangaliwa. Inataka kuiva."

Kesho yake akafunga kengele kwenye mlango wa tanuri, kengele ya baiskeli niliyomuuzia mwenyewe. Moosa akifungua, mtaa mzima unasikia krring, na Nura anapaza sauti kutoka dukani, "Moosa! Umeona nini tena?" Wiki haikuisha Moosa akawa anafungua mara sita. Alinuna siku kumi, lakini sita ilibaki sita.

Kisha kazi yenyewe ikaanza. Nyufa zikazibwa kwa udongo wa Carama uliochanganywa na majivu. Chini ya kuni akatandika vyuma vya kitanda kibovu, hewa ipite. Magogo yakapasuliwa membamba, yakaanikwa juu ya tanuri usiku mzima yakauke. Ndani ya bomba la moshi akaweka kizibo cha bati cha kuzungusha, ili joto lisikimbie juu moja kwa moja. Na akawafundisha waokaji kupanga mambo: mikate kwanza, keki zifuate kwa joto linalobaki, biskuti mwisho, tanuri lisipoe bure katikati. Kuni zikaanza kurudi nyuma, kuelekea mstari, halafu zikauvuka. Upande wa mlango ukawa mtupu. Mama Esperance alikuwa akiufagia kila siku ingawa haukuwa wake bado.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Lazima ujue sisi wa Bujumbura tulivyoishi wakati ule. Redio tuliisikiliza, lakini hatukuiamini. Tuliwaamini matajiri. Mwaka 1993, mambo yalipoharibika Oktoba, bomba la Bader halikutoa moshi asubuhi, na kumbe mwenyewe alikuwa ameshavuka mpaka na familia yake tangu jana. Wasiotazama bomba walijuta. Tangu hapo kila mtu wa Asiatique, akifungua duka saa kumi na mbili, anatupa jicho juu kwanza. Moshi ukiwepo, Bader yupo. Bader akiwepo, leo tunafanya kazi. Hakuna aliyewahi kulisema jambo hili kwa mdomo. Na Mama Esperance alikuwa mgeni, angelijua vipi?

Asubuhi moja ya wiki ya nne kuni zilikuwa zimekauka kabisa, kizibo kimekaa sawa, na tanuri likawaka safi kwa mara ya kwanza. Nilifungua kibanda, nikatazama juu. Mbingu tupu. Bomba limesimama kimya. Mlango wa bulanjeri ulikuwa umefungwa, ingawa ulikuwa ukifungwa kila siku hadi saa kumi na mbili na nusu, mikate inapotoka. Hilo sikulikumbuka. Hofu haina kumbukumbu nzuri.

Nilimgeukia Mwanvua, muuza chai wa pembeni. "Mwanvua," nikasema, "moshi haiko."

Maneno hayo matatu tu. Nakuapia sikuongeza chumvi.

Mwanvua alitazama juu. Akamwaga chai yote mtaroni, akaweka birika kichwani likiwa bado la moto, akaondoka. Nura akashusha mlango wa chuma. Kufikia barabara ya pili Bader alikuwa ameshavuka ziwa. Kufikia soko alikuwa amevuka na dhahabu. Na mtu mmoja, ambaye hadi leo anaapa, alimwona bandarini amevaa buibui. Robo saa, na Asiatique yote ikawa imefungwa. Mimi nilibeba kichwa cha cherehani mgongoni, na suruali ya mteja isiyokuwa na mguu wa kushoto begani, nikashika njia ya kupanda Gihosha, kwa shangazi yangu Fatouma. Mguu niponye.

Bader, wakati huo, alikuwa ndani akinusa mikate yake na kumshukuru Mungu. Saa kumi na mbili na nusu akafungua mlango, mikate mia sita ikiwa tayari. Barabara nzima hakuna hata paka. Maduka yamefungwa, birika la Mwanvua halipo, kibanda cha Hamimu kitupu. Bader akasimama kidogo. Akafikiri kama tulivyofikiri sisi: hawa wanajua kitu ambacho mimi sikijui. Akamwita mkewe, Tahani, akamsukumia ndani ya kamioneti, akawasha gari kwa yale mazuti ya mwisho aliyoyaficha kwa ajili ya siku ya kufa na kupona, akakimbilia Gihosha.

Alinikuta katikati ya mlima, nimekaa juu ya jiwe, pumzi imeniishia. Gari likafunga breki.

"Hamimu! Munakimbia nini?"

Nilimtazama kama mtu aliyefufuka. Hakuwa na buibui. "Bwana Bader, tunakimbia sababu we umekimbia!"

"Mi nimekimbia sababu nyinyi mumekimbia!"

"Sisi tumekimbia sababu moshi haiko!"

"Astaghfirullah," akasema Bader, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, honi ikalia muda mrefu. Tahani ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akafungua mlango ashuke apate hewa, na kila alipotaka kunyamaza aliona ile suruali ya mguu mmoja.

Tulirudi mjini, mimi na cherehani yangu nyuma ya kamioneti, tukiwaokota wengine njiani mmoja mmoja, kila mmoja akidai alikuwa anatembea tu. Bulanjeri tuliwakuta Mama Esperance na Moosa. Hawakukimbia. Mama alikuwa ameona barabara tupu kama wote, lakini tanuri lilikuwa na joto zuri la keki na hakuweza kuliacha lipotee. Keki mia mbili zilikuwa zimepangwa mezani. Nilimuuliza kama hakuogopa. Alisema aliogopa sana, alioka huku anatetemeka.

Bader hakuwa anacheka tena. "Mama Esperance, mi nataka moshi yangu," alisema.

"Patron, kuni ziko nusu! Njoo uone mustari."

"Nimeona mustari. Nimeona na barabara. Mutu ananunua mukate kama anajua kesho nitakuwa hapa. Bila moshi, mi nimekufa. Toa ile bati yako."

Nilimwona Mama Esperance akikunja kanga mkononi. Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe, na Pierre alikuwa akihesabu kuliko yeye. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu zaidi, kwa sababu yote yalitokana na mdomo wangu.

"Patron," akasema polepole, "unataka kuni ziungue bule, ao unataka watu waone moshi?"

"Watu waone."

"Basi si kitu moja."

Alitoboa tundu dogo chini ya bomba, juu ya kizibo, akaweka kopo la mafuta lenye majani mabichi ya migomba na maganda yake juu ya makaa mawili. Dakika mbili, na moshi ukapanda mweupe, mzito, mzuri wa kutazama, bila hata kijiti kimoja cha kuni za Bader. Nje tukasikia Nura anapandisha mlango wa chuma.

Wakakubaliana hapo hapo, mimi na Moosa tukiwa mashahidi. Upande wa bohari ni wake, na ufunguo akapewa. Sharti moja: kila siku, saa kumi na mbili, moshi upande, kwa mikono yake na majani yake. "Siku moshi itakosa," Bader alisema, "wallahi, unanirudishia ufunguo."

Hivyo ndivyo adui mkubwa wa moshi alivyokuwa mpika moshi. Mbabula zikatoka chini ya kitanda cha Pierre, na Pierre akalia kwa furaha. Bohari ikawa karakana. Watu wa biashara wakaanza kumfuata: mtengeneza sabuni aliyekuwa akichemsha sufuria bila kifuniko miaka yote, dobi aliyekuwa akiwasha moto saa mbili kabla ya kuleta maji, mama mmoja wa hoteli ya Gihosha aliyekuwa na friji sita za kupozea chupa ishirini. Aliwagomba wote, wote wakapunguza matumizi, wote wakamchukia wiki mbili kisha wakamletea sukari. Mteja mpya akifika alikuwa akisimama mlangoni, anatazama juu ya paa, anauliza, "Mama, si we unasema moshi ni hasara? Ile ni nini?"

"Ile si ya furu," alikuwa akijibu. "Ile ni ya watu."

Miaka ikapita. Usiku wa milio ya risasi, asubuhi yake Mama Esperance anakuja na fungu la majani kichwani, macho mekundu, anakohoa. Nilimwona akipita siku ambazo mimi mwenyewe nilichungulia mlangoni mara tatu kabla ya kutoka. Moshi ulipanda. Nasi tukafungua maduka, kwa sababu ya kopo la majani ya migomba ambalo wote tulijua ni la uongo. Ndiyo, tulijua! Niliuona ukitengenezwa kwa macho yangu, na bado kila asubuhi nilitazama juu, nikiuona moyo unatulia. Usinicheke. Hukuwepo.

Halafu ukaja mwaka 2005. Watu walikuwa wameshapiga kura, askari wengi wamerudi makwao, na Esperance alikuwa msichana mkubwa anayejibizana na mama yake. Jumatatu moja Mama Esperance akashikwa na malaria. Homa ilimlaza hadi saa mbili na nusu asubuhi. Alipoamka akaona jua dirishani, akapiga ukelele ambao Pierre, sasa jirani yake tu, aliusikia nyumba ya tatu.

Alikuja mbio kutoka Buyenzi, kandambili moja mguuni, fungu la majani kifuani, akilia. Nilimwona akitokea kwenye kona, na kwanza sikuelewa ana nini. Alisimama katikati ya barabara kama aliyegonga ukuta.

Barabara ilikuwa imejaa. Mwanvua anamimina chai. Nura anabishana na mteja juu ya kitambaa cheupe. Mbele ya bulanjeri foleni ya watu, na Bader mlangoni akigombana na Moosa. Mimi nilikuwa na suruali mezani, yenye miguu yote miwili. Mama Esperance alitazama juu. Bomba halikuwa na kitu. Akapita katikati yetu sote hadi kwa Bader, akanyoosha mkono, ufunguo ndani yake.

"Patron, nisamehe. Homa imeniangusha. Moshi imekosa."

"Moshi gani?" Bader aliuliza.

Kisha akatazama juu. Foleni nzima ikatazama juu. Nami nikatazama, na ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimefungua duka, nimekunywa chai, nimekata kitambaa, na sikuwa nimeinua kichwa hata mara moja. Nikajaribu kukumbuka jana. Na juzi. Sikukumbuka.

"Mwanvua," akasema Mama Esperance, "haukukimbia?"

"Nikimbie nini, na chai iko kwa moto?"

Mama Esperance akaketi juu ya gunia la unga akalia kwa sauti, na Tahani akatoka akaketi naye, wakalia wote wawili. Bader alikuwa akijifuta macho akisingizia unga. Halafu ghafla Mama Esperance akanyamaza, akasimama, akatukunjia uso sote.

"Kumbe munajua vita imeisha, na munaniacha tu nakula moshi kila asubuhi? Hakuna hata mutu moja wa kuniambia?"

Hakuna aliyekuwa ametuambia na sisi.

Bader alimfumba vidole juu ya ufunguo wake, akamwambia aende nyumbani akalale. Hakwenda. Aliomba maji na udongo kidogo wa Carama, akapiga magoti chini ya bomba, akatoa lile kopo, akaanza kuliziba tundu kwa kiganja, na homa yake mwilini. Niliacha suruali mezani, nikaenda kumshikia karai.